Soma namba kabla ya kununua oili ya gari lenye turbo
Kabla ya kununua oili ya gari lenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), fungua kitabu cha gari, usome namba za unene na daraja la ubora linalotakiwa, kisha utafute galoni ya sinthetiki yenye maandishi hayohayo. Nimejifunza hili baada ya muuza duka mmoja hapa Mbeya kunishauri niweke 20W-50, eti kwa kuwa injini ni kali. Namba iliyo kabla ya W huonyesha wepesi wa oili injini ikiwa baridi (ikiwa ndogo, oili ni nyepesi zaidi), na katika asubuhi za Julai huku Uyole oili nzito huchelewa kuufikia mhimili wa turbo, ambao huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huku ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Namba ya pili huonyesha unene wake kwenye nyuzi joto 100, nayo ndiyo ya kutazama kwa anayepandisha mlima mkali wa Kitonga na mzigo. Kitabu kikiruhusu 5W-30 na 5W-40, mimi huchukua 5W-40. Hata hivyo, ikiwa turbo tayari inavuja na gari linatoa moshi wa bluu, oili sahihi haitaiponya. Anza kwa fundi.