SOMO: Kuupunguzia moyo mzigo mgonjwa akiwa kwenye ECMO ya VA

Mnaniuliza jinsi ya kuupunguzia moyo mzigo kwenye ECMO ya VA, yaani mashine inayosaidia moyo na mapafu, na nimejibu inbox mpaka vidole vinauma. Naliweka hapa mara moja, kwa wenzangu wa ICU. Maamuzi ni ya timu yenu.

Mashine huvuta damu kwenye vena, huitia oksijeni, kisha huirudisha kwa ateri ya paja. Damu hiyo hupanda kwenye aota na kukutana uso kwa uso na moyo mgonjwa, ambao sasa unasukuma mlango ulioegemewa upande wa pili. Ukishindwa, vali ya aota haifunguki, chumba cha chini cha kushoto kinatanuka, mapafu yanajaa maji, na damu iliyotuama inaganda.

1. Laini ya ateri (mrija mwembamba wa kupimia presha na kuchukulia damu): mkono wa kulia.

2. Eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kila siku, na kila hali inapobadilika.

3. Soma wimbi la presha kwenye monita, usisome wastani wa presha peke yake. Hapa ndipo wengi huumia. Monita inaonyesha wastani wa 70, kila mtu ametulia, kumbe ni 72/68 na kazi yote inafanywa na pampu. Kwanza flashi laini (isukumie maji) uhakikishe haijaziba. Tofauti ya juu na chini ikiwa kweli chini ya 10, ita daktari. USIONGEZE mtiririko wa pampu wala noradrenalini (dawa ya kupandisha presha) kwa mazoea, vyote viwili vinaongeza mzigo. Ukisubiri povu la waridi la mapafu yaliyojaa maji kwenye tyubu ya kupumulia, umechelewa.

4. Shusha mtiririko hadi kiwango ambacho lakteti (hupanda damuni tishu zikikosa oksijeni) na mkojo bado viko sawa. Ukishuka sana, damu huganda kwenye saketi (mirija ya mashine).

5. Dobutamini (huupa moyo nguvu ya kusukuma), dawa ya kukojoza, PEEP (shinikizo ambalo mashine ya kupumulia hubakiza mapafuni).

6. Bado? Puto la aota (hujaa na kunywea kwa kufuata mapigo ya moyo), Impella (pampu ndogo inayopitishwa kwenye vali ya aota hadi chumba cha chini cha kushoto), au mrija wa kunyonya chumba cha juu cha kushoto. Vali ya aota inayovuja sana, puto hapana. Bonge la damu ndani ya chumba cha chini au vali ya chuma kwenye aota, Impella hapana.

MASWALI

Zamu_ya_usiku: Mkuu, wangu wastani ni 75, niongeze noradrenalini kidogo?
— Namba 3. Isome yote.

Mdadisi: Kwa nini tusiwawekee wote huo mrija mapema?
— Swali zuri. Wakorea walijaribu, utafiti wa EARLY-UNLOAD, 2023, wagonjwa 116. Vifo vya siku 30 havikupungua. Ila wa kundi ambalo halikuwekewa mapema waliruhusiwa kuwekewa hali ilipozorota, na wengi waliwekewa. Kwa hiyo kinachobaki ni kukesha na wimbi.

Kijana_wa_ICU: Mkono wa kulia kwani una nini?
— Moyo ukianza kupata nguvu huku mapafu yakiwa mabovu, damu isiyo na oksijeni huenda kwanza kwenye moyo wenyewe, ubongo na mkono huo. Kipimo cha oksijeni cha mguuni kitakudanganya kwa kusoma 100%.

Mama_wa_Wodi: Wa kwetu ana Impella, mkojo umekuwa kama chai ya rangi.
— Dada, huenda chembe za damu zinavunjika. Waite waitazame kwa eko, mara nyingi imehama. Alamu ya kunyonya ya Impella nayo inalia?

Mama_wa_Wodi: Tangu saa nane.
— Basi usingoje raundi, piga simu sasa hivi.