Somo: Kuomba MBA (shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara) ukiwa umevuka miaka 35

Darasa la MBA ya kutwa ya miaka miwili huko Marekani huwa na wastani wa umri wa miaka 27 au 28. Ukiomba ukiwa na 38, kamati ya udahili haitashangaa kwamba unataka kusoma. Itajiuliza: mbona sasa?

Hatua ya 1: Chagua programu kwanza
Wengi huanza na insha kabla hawajajua wanaiandikia nani. MBA ya watendaji, unayosoma huku ukiendelea na kazi, ilianza Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1943 kwa ajili ya watu wa umri wako hasa. Ukiweza kuacha kazi mwaka mmoja, zipo programu za Marekani za watu wenye uzoefu: Sloan Fellows ya chuo cha MIT (miezi 12) na MSx ya Chuo Kikuu cha Stanford, ambayo haimpokei mwenye uzoefu wa chini ya miaka 8. MBA ya INSEAD, shule ya biashara ya Ufaransa, huchukua miezi 10. Ile ya miaka miwili hujakatazwa, ila piga hesabu ya mishahara miwili ya mwaka mzima utakayoikosa.

Hatua ya 2: Mtihani
GMAT, mtihani wa kuombea MBA, kwa sasa ina sehemu tatu, saa 2 na dakika 15, alama 205 hadi 805, na matokeo hudumu miaka 5. Programu nyingi za watendaji hukubali Executive Assessment, mtihani mfupi zaidi wa watendaji, wa dakika 90. Usiudharau mtihani: alama zako za chuo zimezeeka, na huu ndio ushahidi mpya kwamba hesabu bado unaziweza.

Hatua ya 3: Insha
Hapa ndipo watu wazima wanapoanguka. Wanasimulia maisha yote, cheo baada ya cheo, mpaka msomaji anapiga miayo.

Chukua mfano wa meneja wa ugavi. Akiandika "nimeongoza watu 40 kwa miaka 12", hajasema kitu. Aandike hivi: niligundua madereva wanachelewa kwa sababu tunawalipa kwa saa, nikabadili malipo yawe kwa safari, mizigo ikaanza kufika kwa wakati. Kisha aongeze lile ambalo wengi huona aibu kulisema: nilipopewa jukumu la kupanga bei za kampuni nzima, nilikwama, maana mizania siielewi vya kutosha kubishana na mhasibu. Hapo "mbona sasa" imeshajibiwa. Kwa hiyo kabla hujaandika, tafuta pale ulipokwama. (Mimi rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na vyeo sita na hakuna hata mahali pamoja nilipokwama. Nilikataliwa, na kwa haki.)

Hatua ya 4: Wasifu na wapendekezaji
Kazi za miaka ya mwanzo zipe mstari mmoja mmoja. Mpendekezaji awe mtu aliyekuona ukifanya kazi, hata kama ni bosi mdogo kwako kwa umri. Mkurugenzi mkuu mnayesalimiana tu kwenye lifti hafai.

Maswali ya wanachama

Swali: Nina miaka 44. Nifute mwaka wa kuhitimu kwenye wasifu?
Jibu: Haisaidii, ndugu yangu. Nakala ya matokeo ya chuo wataiona.

Swali: Matokeo yangu ya shahada ya kwanza ni mabaya, na ni ya miaka 19 iliyopita.
Jibu: Tumia insha ya ziada (nafasi ya hiari kwenye fomu ya kueleza jambo linalohitaji maelezo), sentensi tatu au nne, bila kulalamika. Kisha soma kozi moja ya takwimu au uhasibu yenye cheti, uambatanishe alama.

Swali: Mwalimu, nina biashara yangu mwenyewe, sina bosi. Nani anipendekeze?
Jibu: Mteja mkubwa, mwekezaji, au mshirika wa biashara. Ndugu wa damu hapana, hata kama ndiye mshirika.

Swali: Sitaki mwajiri ajue.
Jibu: Mwombe bosi wa zamani, ueleze sababu kwenye insha ya ziada, kamati zimeshazoea. Lakini kama ni MBA ya watendaji, utahitaji ruhusa ya siku za masomo, na vyuo vingine hudai barua ya mwajiri. Huko utalazimika kumwambia, na ni afadhali umwambie kabla hujalipia mtihani.