Somo: Kutuliza kelele za tabaka la pawa kwenye bodi yenye GPS na modemu

Wakuu, somo la leo ni la wanaochora bodi za saketi za tabaka nne zenye modemu ya GSM na kipokezi cha GPS pamoja, mathalani kifaa cha kufuatilia gari. Modemu ya 2G hufyonza mpaka ampea 2 kwa mikupuo, takriban mara 217 kwa sekunde. Konveta ya kushusha voti nayo inakatakata umeme muda wote. Katikati ya vurugu hiyo kuna kipokezi kinachotafuta ishara dhaifu mno kwenye megahezi 1,575.42. GPS ikizubaa, wengi hukimbilia kuongeza kapasita. Kapasita zina mpaka wake, kwani kwenye masafa ya juu mno hazisaidii tena, na mpaka huo ndio lazima uufahamu kabla hujachora chochote.

Hatua ya 1: Weka lengo la impedansi, yaani ukinzani wa njia ya umeme kwenye masafa husika. Chipu ya voti 3.3 inayovumilia mtikisiko wa asilimia 5 inakuruhusu voti 0.165. Mkondo wake ukiruka kwa nusu ampea, gawanya: 0.165 kwa 0.5 ni omu 0.33. Njia ya pawa isizidi hapo kwenye masafa ambayo chipu inavuta mkondo.

Hatua ya 2: Pima urefu wa shaba. Bamba la pawa na bamba la graundi yakitazamana, nafasi iliyo kati yake ni chumba cha mawimbi. Wimbi hutoka kwenye chipu, hugonga ukingo na kurudi, kama maji kwenye sinia uliyoigusa upande mmoja. Likirudi sambamba na linalotoka, linakua. Hiyo ndiyo rezonansi.

Hesabu yake ni rahisi: chukua 150, gawanya kwa urefu wa bamba katika mita, kisha gawanya kwa kipeuo cha pili cha 4.3 (ndiyo thamani ya kawaida ya FR-4, mata ya kawaida ya kutengenezea bodi). Jibu ni megahezi. Bamba la milimita 92 linatoa karibu 786. Rezonansi inayofuata iko mara mbili yake, karibu 1,573. Umeona ilipoangukia? Bodi ya urefu wa kawaida kabisa inaweza kuvuma palepale GPS inaposikiliza.

Hatua ya 3: Panga tabaka upya. Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Kwenye bodi nyingi za milimita 1.6, tabaka la 2 na la 3 zimeachana kwa zaidi ya milimita moja, wakati la 1 na la 2 zimeachana kwa takriban 0.2 tu. Ukiweka graundi kwenye la 2 na pawa kwenye la 3, umechagua umbali mbaya.

Mimi naweka graundi nzima kwenye la 2 na la 3, bila kuikata popote. Pawa naimwaga kama vipande vidogo kwenye la 1 au la 4, chini ya chipu inayohusika. Kipande cha milimita 20 rezonansi yake ya kwanza iko karibu megahezi 3,600, mbali na GPS. Graundi mbili hizo zishonwe kwa via (vitundu vyenye shaba vinavyounganisha tabaka) kila milimita 9 au 10, ambayo ni sehemu ya kumi ya urefu wa wimbi la GPS ndani ya FR-4.

Hatua ya 4: Kapasita. Via zake ziguse pedi (shaba inayouzwa risasi kwenye mguu wa kapasita) au ziwe jirani nayo kabisa, usivute njia ndefu. Epuka kuchanganya thamani nyingi ovyo.

Hatua ya 5: Pima. NanoVNA, kipimo kidogo cha bei nafuu cha mawimbi ya redio, inatosha. Unganisha graundi za kebo zote mbili kwenye bodi, na nyaya za kati zote kwenye pawa, bodi ikiwa imezimwa. Impedansi ikiwa ndogo, ni takriban 25 mara S21 (uwiano wa ishara inayotoka kebo ya kwanza kufika ya pili), hivyo omu 0.33 ni kama desibeli -38. Mstari ukivuka hapo, umepata kilima cha kushughulikia. Bodi ikiwashwa, soma sentensi za GSV, yaani mistari ya maandishi inayotolewa na kipokezi cha GPS, ambazo zinaonyesha nguvu ya kila setilaiti. Linganisha modemu ikiwa imezimwa na ikiwa inatuma.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nikiweka 10 µF, 100 nF na 1 nF kila pini, si nitafunika masafa yote?
Hapana, ndugu. Kapasita ya 100 nF yenye induktansi (tabia ya koili iliyomo ndani yake na kwenye njia zake) ya nanohenri 1 inafanya kazi vizuri karibu na megahezi 16. Kwenye 1,575 imeshageuka koili ya karibu omu 10. Kibaya zaidi, induktansi ya ile kubwa hucheza na ile ndogo na kuzaa kilima kati yao. Nanohenri 2 na 100 nF zinakupa kilima karibu na megahezi 11, na ukinzani wa ndani ukiwa mdogo sana kinaweza kufika omu 1, mara tatu ya lengo letu. Chukua kapasita kadhaa za 1 µF za umbo moja dogo. Induktansi inategemea zaidi umbo na jinsi ulivyoiweka, siyo thamani.

Nimeweka ferait bidi (kipande kidogo cha kuzuia kelele) kwenye pawa ya GPS na kapasita ya seramiki ya 10 µF. Kelele imeongezeka! Kwa nini?
Bidi kwenye masafa ya chini ni koili. Ikiwa na mikrohenri 1, inavuma na 10 µF yako karibu na kilohezi 50, na konveta ikiwa na mzigo mdogo inaweza kushuka mpaka huko. Ongeza kapasita ya 47 µF yenye rezista ya omu 0.33 kwa mfululizo, sambamba na hiyo 10 µF. Ukinzani ndio unaokula nishati ya rezonansi.

Mwalimu, sisi wa tabaka mbili tufanyeje?
Upande wa chini uwe graundi tupu, bila njia ndefu kuikata. Pawa iwe njia pana juu yake, na kapasita ikae kabla umeme haujafika kwenye pini. Angalia pia datashiti ya kapasita: seramiki ya 10 µF ya voti 6.3 ikipewa voti 3.3 inaweza kubaki na nusu tu, kwa hiyo nunua ya voti 16 au umbo kubwa zaidi.