Kutoa kutu kwenye spana na panga kwa siki ya jikoni

Mvua za masika zikiisha, ukifungua banda la vifaa unakuta spana zimeshikana, koleo halifunguki na panga limekuwa jekundu kama tofali. Kwetu sisi wa Kigamboni ni zaidi, maana upepo wenyewe una chumvi. Juzi nilimwelekeza shemeji yangu kwa simu namna ya kuviokoa vyake kwa vitu vya jikoni, na maswali aliyoniuliza ndiyo yaliyonifanya niandike.

Tafuta siki nyeupe, magadi ya kulainishia maharage, stilwaya ya masufuria, mswaki uliochakaa, kanga kuukuu, dumu tupu la lita 5 na mafuta ya cherehani.

Hatua ya 1: Toa grisi

Maji ya moto na sabuni ya unga. Siki haipenyi kwenye grisi, kwa hiyo usiruke hapa.

Hatua ya 2: Loweka

Laza dumu, likate ubavu wa juu, upate beseni refu. Panga spana, mimina siki mpaka zizame zote. Ikibaki sehemu nje, kwenye mstari wa siki chuma huliwa vibaya na alama haitoki. Siki ya kawaida ya dukani ina asidi ya asetiki kama asilimia 5, na hiyo inatosha. Haina haja ya kuchemshwa. Ukiona vipovu vidogo vinapanda, kazi imeanza. Acha usiku mmoja, asubuhi chomoa moja uijaribu kwa kidole. Kutu ikitoka kama tope jeusi, zote ziko tayari kutolewa, ila soma kwanza Hatua ya 4 kabla hujazitoa. Usiziache hata zikasahaulika, maana kutu ikiisha asidi inahamia kwenye chuma chenyewe.

Panga halienei kwenye dumu. Livingirishe kipande cha kanga kilicholowa siki, kisha lifunge ndani ya mfuko mtupu wa unga ili lisikauke. Zamani tulitumia mifuko ya rambo, lakini tangu ipigwe marufuku Juni 2019 mfuko wa unga unafanya kazi ileile. Kanga iwe ya pamba kweli. Hizi za poliesta hazishiki siki. Mpini wa mti ubaki nje.

Visivyoingia kwenye siki: chochote cha bati au kilichopakwa zinki (ndoo, keni ya kumwagilia, misumari ya mabati), aluminiamu, na springi ya mkasi wa kupogolea. Springi ichomoe, isugue kwa mkono. Spana za kromu zinazong'aa bado, nazo ziache. Siki inapenya chini ya kromu na kuibandua.

Utasikia watu wakisema ongeza chumvi ili iende haraka. Ni kweli inaenda haraka. Lakini chumvi hiyo hiyo ndiyo tunayoikimbia huku pwani, na ikishajificha kwenye vitundu vya chuma huitoi kirahisi. Mimi sitii. Soda za chupa nazo nimeziacha: asidi yake ni kidogo, na sukari inabaki ikinata na kuita sisimizi.

Na usichanganye siki na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile ya klorini. Hutoa gesi yenye sumu.

Hatua ya 3: Sugua

Stilwaya kwenye bapa, mswaki kwenye meno na bawaba. Basi.

Hatua ya 4: Kuua asidi na kukausha

Hapa ndipo shemeji alipokwama, na ndipo wengi wanapokata tamaa. Alizitoa spana kwenye siki zikiwa safi, akazisuuza bombani, akazianika kwenye ukuta. Aliporudi kutoka kunywa chai zilikuwa zimeshaanza kuwa za machungwa. Akazirudisha kwenye siki. Ikawa hivyo tena, mpaka akanipigia akisema siki aliyouziwa ni feki.

Siki haikuwa na kosa. Chuma kilichotoka kwenye asidi kiko uchi: hakina mafuta, hakina ile ngozi nyeusi iliyokuwa ikikikinga. Kikipata maji na hewa kinashika kutu ndani ya dakika chache, na asidi iliyobaki kwenye vitundu inaongeza kasi. Kwa hiyo fanya mambo haya mfululizo, bila kwenda kupokea simu.

Kabla hujatoa chochote kwenye siki, weka sufuria mbili jikoni. Ya kwanza iwe na maji ya vuguvugu na kijiko kikubwa cha magadi kwa kila lita. Ya pili iwe na maji matupu yanayochemka. Huna magadi? Maji ya majivu yaliyochujwa yanafaa pia, maana nayo hukata ukali wa asidi.

Toa spana chache tu kwa wakati mmoja, uzisugue kama kwenye Hatua ya 3. Zitumbukize kwenye magadi. Zitachemka povu kidogo. Fungua na kufunga koleo humo humo ili magadi yaingie kwenye bawaba. Povu likikoma, zihamishie kwenye maji yanayochemka. Usiishie kwenye magadi, kwa sababu magadi ya mawe mara nyingi yana chumvi ndani yake.

Maji ya moto ndiyo siri yote. Yakiachwa yakapasha chuma kisawasawa, ukikichomoa kwa koleo lingine maji yanaruka yenyewe kama mvuke, hata ndani ya tundu la spana ambako kitambaa hakifiki. Jua peke yake halitoshi, hasa asubuhi kukiwa na unyevu. Futa haraka kwa kanga kavu, na usisubiri kipoe.

Hatua ya 5: Paka mafuta kikiwa bado cha moto

Mafuta ya cherehani yanashinda yote: mepesi, yanaingia kwenye bawaba, hayagandi. Mafuta ya alizeti yaache kwenye chapati. Yakikaa yanakuwa gundi. Oili chafu ya gari siipendi, ina masizi na asidi, wala siitaki karibu na tuta la mchicha. Kwa panga na jembe napaka mafuta ya nazi, ila ya nazi unayarudia mara kwa mara. Makali unoe kwa tupa kwanza, kisha upake.

Siki iliyobaki

Usiimwage kwenye sakafu ya saruji: inaila, na inaacha madoa ya kutu. Wala kwenye mboga. Mwaga kwenye majani yanayoota katikati ya mawe ya njia, yatanyauka.

Bakiza kikombe kimoja kama una mpini mpya. Upake mpini chai ya rangi kali, uache ukauke, kisha upake siki hiyo yenye chuma. Mti unageuka mweusi mbele ya macho yako. Ukikauka, paka mafuta na uutie kwenye jembe.