Somo: Kumtathmini kisaikolojia kijana aliyekinzana na sheria

Mliomba somo hili baada ya lile la mahojiano. Ninalenga wanaoanza kuandika ripoti za mahakama.

Hatua ya 1: Swali ni lipi? Soma barua iliyomleta kijana. Mahakama inataka kujua kama anaelewa mashtaka? Kama huenda akarudia kosa? Au anahitaji msaada gani? Kila swali lina kazi yake. Barua ikisema "afanyiwe tathmini" basi, irudishe uulize. Ripoti isiyo na swali hummwaga kijana mzima mezani, na kila msomaji huchota anachokitaka.

Hatua ya 2: Makaratasi. Ya shule, hospitali na ustawi wa jamii. Tafuta kuumia kichwa, kifafa, kufiwa, kupigwa, kuhamahama shule.

Hatua ya 3: Usiri. Hapa tukae kidogo. Kijana anajua daktari hutunza siri, lakini leo wewe si daktari wake. Mweleze kwa maneno mepesi nani ataisoma ripoti, na kwamba anaweza kukataa swali. Kisha akueleze yeye alichoelewa. Akijibu "ndiyo, nimeelewa" tu, rudia. Kesi ikiwa haijaamuliwa, usichimbe undani wa tukio kabla ya kuzungumza na wakili wake, maana maneno yake yanaweza kumgeukia.

Hatua ya 4: Mahojiano. Anza na maisha yake: usingizi, marafiki, anachokimudu. Kosa lisubiri. Na usikimbilie kuandika "hajutii". Niliwahi kumhoji kijana aliyecheka kila nilipomtaja aliyeumia. Nilikuwa nimeshaanza kumhukumu kimoyomoyo. Kumbe sikio moja halisikii vizuri, na kucheka ndiyo njia yake ya kuficha kwamba swali limempita.

Hatua ya 5: Vipimo. MAYSI-2, dodoso la afya ya akili kwa vijana walio mikononi mwa sheria, ina maswali 52 ya ndiyo na hapana. Inachuja tu, kuonyesha nani aangaliwe zaidi. Ugonjwa hautajwi kwa hiyo peke yake. SAVRY, mwongozo wa kukadiria hatari ya kijana kufanya vurugu, ya umri wa miaka 12 hadi 18, ina vihatarishi 24 na vipengele 6 vya kinga. Haina alama ya kufaulu au kufeli: unapima ushahidi, kisha unaamua mwenyewe kama hatari ni ndogo, ya wastani au kubwa. Wengi huvijaza vihatarishi kwa bidii na kuvipitia vile 6 mbiombio, ilhali hapo ndipo hakimu anapopata pa kushika. Kipimo kilichotafsiriwa tu, bila kuhakikiwa kwa vijana wanaofanana na huyu, usizitegemee namba zake.

Hatua ya 6: Ripoti. Andika hatari pamoja na masharti yake: inapanda akirudi kwenye kundi lile, inashuka akiwa shuleni na mtu mzima anayemfuatilia. Weka tarehe waziwazi, maana vijana hubadilika. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Terrie Moffitt alitenganisha wachache wanaoanza fujo utotoni na kuendelea nazo, na wengi ambao fujo zao huanza na kuisha na ujana. Ripoti ya mwaka juzi inaweza kuwa inamzungumzia kijana ambaye hayupo tena.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mama mzazi akikataa kutoka chumbani?*
Mhoji mama kwanza, peke yake. Akishasikilizwa, mara nyingi anatoka mwenyewe. Akibaki, andika kwamba alikuwepo.

*Naweza kuandika kwamba ana haiba ya kupinga jamii?*
Akiwa chini ya miaka 18, hapana. DSM, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, hauruhusu. Eleza anachofanya, lini na kwa nani.

*Kijana anakana kila kitu. Nihesabu hiyo kama hatari?*
Kabla ya hukumu, usihesabu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 40, unamhesabu hana hatia mpaka ithibitike, na unakataza kumlazimisha akiri.

*Mimi ndiye mshauri wake wa kila wiki. Niandike mimi?*
Mwachie mwenzako, ndugu yangu. Ukiandika wewe, wiki ijayo atakaa kimya.