Huenda Mtoto Wako Ameshakuwa Raia wa Marekani: Namna ya Kuhakikisha na Kumpatia Pasipoti

Kazi yangu ni kuwasaidia wazazi kujaza fomu za uhamiaji hapa Marekani. Wakishakula kiapo cha uraia, swali lao la kwanza huwa ni hili: "Sasa na mtoto nimwombee kwa fomu gani?" Mara nyingi hakuna cha kuomba. Mtoto alikuwa raia siku ile ile mzazi alipoinua mkono akaapa, hata kama alikuwa shuleni na hakujua lolote. Kilichobaki ni kupata ushahidi, na ushahidi ndio unaosumbua watu.

Hatua ya 1: Pima masharti

Sheria inayotuhusu ni Sheria ya Uraia wa Watoto ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika tarehe 27 Februari 2001. Inasema mtoto anakuwa raia moja kwa moja ikiwa, kabla hajatimiza miaka 18, mambo haya yote yamekutana: angalau mzazi mmoja ni raia, wa kuzaliwa au wa tajinisi (aliyeomba uraia na kuapa), mtoto ni mkaazi wa kudumu, yaani ana kadi ya kijani, anaishi Marekani, na anaishi na mzazi huyo raia ambaye ana haki ya kisheria ya kumlea.

Kipi kimetangulia si hoja. Tuseme baba aliapa mwaka 2019, mtoto akaja 2023 akiwa na miaka 15 kwa visa ya uhamiaji ili aishi naye. Mtoto huyo amekuwa raia alipopokelewa mpakani kama mkaazi. Au familia nzima ina kadi za kijani na mama anaapa leo: watoto walio chini ya miaka 18 wanaoishi naye wamekuwa raia leo. Uraia unakuja siku sharti la mwisho linapotimia, na tarehe hiyo uiandike mahali, kwa sababu utaulizwa.

Sasa mahali watu wanapokwama.

Mtoto wa kambo hapati uraia kupitia baba au mama wa kambo. Lazima aasiliwe kisheria, kwa kawaida kabla hajafikisha miaka 16, na awe ameishi chini ya malezi ya mzazi huyo kwa miaka miwili.

Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa anapata kupitia mama bila shida. Akitegemea baba, baba awe amemhalalisha kisheria kabla mtoto hajafikisha miaka 16, ama kwa sheria ya mahali mtoto anapoishi ama ya mahali baba anapoishi. Nchi nyingi zimefuta tofauti kati ya mtoto wa ndoa na wa nje ya ndoa, kwa hiyo usikate tamaa kabla ya kuangalia sheria ya kwenu.

Wazazi wakiwa wametalikiana, soma amri ya mahakama. Malezi ya pamoja yanakubalika, mradi mtoto anaishi na yule aliye raia.

Kwa familia za wakimbizi: hali ya ukimbizi peke yake haitoshi. Mtoto anatakiwa apate kadi ya kijani, na maombi yake hufanywa baada ya mwaka mmoja tangu kuingia. Nimekutana na vijana ambao maombi ya kadi zao yalisahauliwa kwenye droo ya mambo ya baadaye, na miaka 18 ikawakuta hapo.

Hiyo miaka 18 haina huruma. Mama mmoja niliyemsaidia aliahirisha mtihani wa uraia mara mbili kwa kuogopa Kiingereza. Alipoapa, binti yake alikuwa ametimiza 18 wiki tatu kabla. Wadogo zake wakawa raia, yeye ikabidi aombe mwenyewe kwa fomu N-400, alipe ada yake na afanye mtihani wake. Nawaomba wazazi wenzangu: kama mtoto wako ana miaka 15 au 16, hesabu sasa. N-400 inaweza kupelekwa siku 90 kabla ya kutimiza miaka mitano ya ukaazi, au mitatu kwa anayeishi na mwenzi wa ndoa aliye raia. Usipoteze hata siku moja ya hizo 90.

Hatua ya 2: Kusanya nyaraka, kisha linganisha majina

Unahitaji cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye jina la mzazi aliye raia, kadi ya kijani ya mtoto au pasipoti yake ya zamani yenye muhuri wa ukaazi, cheti cha tajinisi cha mzazi au pasipoti yake ya Marekani, cheti cha ndoa au talaka kama vipo, na kitu kinachoonyesha mnaishi pamoja, kwa mfano barua ya shule. Kisicho kwa Kiingereza kitafsiriwe, na mfasiri atie saini kuthibitisha tafsiri.

Halafu ziweke zote mezani usome majina herufi kwa herufi. Kwetu mtoto anaweza kubeba jina la babu, mama akaitwa Mwanaisha kwenye karatasi moja na Mwanaesha kwenye nyingine, na kambini afisa akaandika tarehe 1 Januari kwa kila asiyejua siku yake. Ukibadilisha jina siku ya kuapa, tunza ile amri ya mahakama. Tofauti ndogo ielezwe kwa hati ya kiapo mapema, isisubiri kuulizwa.

Kama cheti cha kuzaliwa hakipo kabisa, rekodi za ubatizo, za hospitali au za shule husaidia, na wakati mwingine huombwa kipimo cha DNA. Familia kama hizi huwashauri waanze na hatua ya 4, kwa kuwa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, tayari wana faili lao la uhamiaji.

Hatua ya 3: Omba pasipoti

Hii ndiyo njia ya haraka na nafuu. Jaza fomu DS-11, lakini usitie saini nyumbani. Unasaini mbele ya karani anayepokea maombi, posta au ofisi nyingine iliyoidhinishwa. Mtoto aende mwenyewe.

Akiwa chini ya miaka 16, wazazi wote wawili wafike. Mmoja akiwa mbali, ajaze DS-3053 ya ridhaa, aisaini mbele ya mthibitishaji wa saini (notary public), na aambatanishe nakala ya kitambulisho alichoonyesha, mbele na nyuma. Akiwa nje ya Marekani, aende ubalozi wa Marekani. Ridhaa hiyo inadumu siku 90 tu, msiifanye mapema mno. Kama mzazi mwingine amefariki au mahakama imekupa wewe peke yako malezi, peleka hati inayothibitisha.

Ada kwa walio chini ya miaka 16 ni dola 100 na dola 35 za karani, na pasipoti hudumu miaka 5. Kuanzia 16 ni dola 130 na zile 35, nayo hudumu miaka 10. Hakiki ada kabla ya kulipa.

Nyaraka halisi zitakwenda kwa posta na kurudi katika bahasha tofauti na pasipoti. Kwa hiyo mzazi achukue pasipoti yake kwanza, asibaki mikono mitupu cheti chake kikiwa njiani. Baki na nakala za kila kitu.

Hatua ya 4: Cheti cha uraia, fomu N-600

Si lazima, ila mimi hukipendekeza kwa anayemudu. Pasipoti huisha muda, cheti hakiishi. Ada ni kubwa, zaidi ya dola 1,300, lakini wenye kipato kidogo wanaweza kuomba msamaha kwa fomu I-912. Hata aliyepita miaka 18 anaweza kukiomba, mradi masharti yalitimia kabla.

Mtoto anayeishi nje ya Marekani hupitia njia nyingine, N-600K, na kila kitu, pamoja na kiapo, lazima kikamilike kabla ya miaka 18.

Hatua ya 5: Baada ya pasipoti kufika

Kagua jina na tarehe siku hiyo hiyo. Nenda ofisi ya Social Security wabadilishe rekodi isomeke raia, maana hawajulishwi wenyewe. Akisafiri, atoke na arudi kwa pasipoti ya Marekani. Na kadi yake ya kijani ikiisha muda, usilipie nyingine.