Antena imezima nyumbani kwa mteja? Pima POE kwanza

Umeme ukikatika Tanga na kurudi kwa kishindo mara mbili tatu usiku, asubuhi simu za wateja hazikomi: "Fundi, intaneti hakuna." Nyumba nyingi ninazohudumia, kuanzia Raskazone hadi Sahare, zinapokea intaneti kwa antena iliyofungwa juu ya paa. Antena hiyo haina waya wake wa umeme. Inalishwa na kiboksi cha ndani tunachokiita POE, kupitia kebo ileile inayopitisha data. Kiboksi kikifa antena inazima, na mafundi wengi humwambia mteja hapohapo kwamba antena imeungua. Antena ni ghali, POE ni rahisi. Kumnunulisha mtu antena kabla ya kupima ni kumdhulumu, hata kama hukukusudia.

Beba multimita (kipimo cha umeme), koleo la kubania vichwa vya kebo, vichwa vipya, POE nzima ya 24V na nyingine ya 48V.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kugusa

Bisha hodi, salimia, kisha muulize mwenyeji mambo yalivyokuwa. "Shikamoo mama. Jana umeme uliporudi, taa ziliwaka kali kuliko kawaida?" Jibu likiwa ndiyo, na friji nayo imegoma, tatizo si lako peke yako: huenda nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, imelegea, na kifaa kipya utakachochomeka kitaungua kama cha kwanza. Uliza pia kama kuna aliyefagia nyuma ya kabati. Mara nyingi kebo huchomolewa na kurudishwa kinyume. Tundu lililoandikwa POE linakwenda kwenye antena, lililoandikwa LAN linakwenda kwenye ruta. Zikibadilishana, antena inakosa umeme na ruta inaweza kuungua.

Hatua ya 2: Soketi na plagi

Pima soketi. Kwetu umeme wa nyumbani ni 230V, na POE nyingi zimeandikwa 100–240V. Ukikuta 260V, usichomeke chochote. Mwambie mteja awapigie TANESCO. Plagi ikiwa ya pini tatu za bapa, fungua upime fyuzi iliyomo ndani. Ikiwa ya pini mbili iliyoshindiliwa kwenye soketi kwa msaada wa kalamu, itikise taratibu. Ikicheza au ikitoa cheche, umepata chanzo kimoja. Weka kibadilishi cha plagi kinachobana vizuri.

Hatua ya 3: Jua ni POE ya aina gani

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Soma maandishi ya chini ya kiboksi.

POE za 24V zinazokuja na antena nyingi za bei nafuu zinamwaga umeme muda wote, kuwe na kifaa au kusiwe. Kati ya waya nane za kebo, za 4 na 5, yaani jozi ya bluu, ni chanya. Za 7 na 8, jozi ya kahawia, ni hasi. Ukipima tundu lake likiwa tupu unapata 24V au zaidi kidogo.

POE zinazofuata viwango vya 802.3af vya mwaka 2003, au 802.3at vya 2009, ambazo nyingi huandikwa 48V, zina akili. Kwanza zinapeleka volti ndogo kuuliza kama upande wa pili kuna kifaa kinachostahili, zikipata jibu ndipo zinapotoa volti za kazi, 44 hadi 57. Kwa hiyo ukipima tundu tupu la POE ya aina hii na kukuta karibu sufuri, hujathibitisha kwamba imekufa. Chomeka kifaa kinachokubali viwango hivyo, ndipo uhukumu.

Hatua ya 4: Pima ikiwa na mzigo

POE inayochoka inadanganya. Bila mzigo inasoma 24V safi na taa yake inawaka, ukiichomeka antena inashuka hadi 15V au inapandashuka, na antena inawaka na kuzima bila kukoma. Ukiona antena inajizima na kujiwasha kila baada ya sekunde chache, shuku umeme kabla ya kushuku programu.

Ili kupima hali hiyo, tengeneza kebo fupi ya majaribio. Ifunge vichwa pande zote mbili, chuna ganda la nje katikati, kisha chuna kidogo waya mmoja wa bluu na mmoja wa kahawia, mahali tofauti ili zisigusane kabisa. Iweke kati ya POE na kebo inayopanda juu, gusisha ncha za multimita hapo wakati antena ikiwa inafanya kazi. Kwa POE ya 24V, namba ikikaa palepale, POE ni nzima na ugomvi uko mbele. Ikiporomoka, badilisha kwa POE yako nzima upime tena. Ikiporomoka tena, kitu kinavuta umeme kupita kiasi: kebo ina maji au antena ina shoti.

Hatua ya 5: Kebo na vichwa vyake

Huku kwetu pwani chumvi ya bahari haina huruma. Chomoa kichwa cha juu kwenye antena ukitazame juani. Maji yakiingia, umeme unaopita unaila shaba ya upande wa chanya, hivyo pini za 4 na 5 ndizo zinazogeuka kijani kwanza, huku za data bado zinang'aa. Kata kipande chote kilichobadilika rangi mpaka ufikie shaba safi, funga kichwa kipya, na kama tundu la antena lenyewe limeota kijani, lisafishe kwa spiriti kabla ya kuchomeka.

Angalia pia aina ya kebo. Kebo ya alumini iliyopakwa shaba inapoteza volti nyingi kuliko shaba tupu. Hata kwa shaba tupu, mita 60 zikipitisha ampea 0.4 zinapoteza zaidi ya volti 2.

Hatua ya 6: Kubadilisha

Volti ziwe zilezile, chanya na hasi vikae palepale, ampea ziwe sawa au zaidi. Ampea zikizidi hakuna madhara, kifaa kinavuta kinachohitaji. Volti zikizidi kifaa kinaungua. Nakuomba sana fundi mwenzangu, usiweke POE ya 48V kwenye antena ya 24V eti kwa sababu ndiyo uliyobaki nayo kwenye begi. Rudi mjini ukatafute inayofaa.

Hatua ya 7: Kuilinda mpya

Itoe POE nyuma ya sofa, itundike ukutani ipate hewa. Joto linaiua polepole. Mshauri mteja anunue gadi kama ile ya friji, inayosubiri umeme utulie kabla ya kuurudisha. Juu, iache kebo ining'inie kidogo chini ya antena kabla ya kuingia, maji yadondokee hapo yasifuate kebo hadi kwenye kichwa.

Hatua ya 8: Kabla ya kuondoka

Mwite mwenye nyumba aone namba kwenye multimita: ya POE ya zamani, kisha ya mpya. Andika volti na tarehe kwenye karatasi, ibandike juu ya kiboksi, fundi ajaye asianze kubahatisha. Ile mbovu usiifungue hapo sebuleni, kwani kapasita ya ndani, kijidude kinachohifadhi umeme, inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa. Ondoka nayo, na ukate waya wake kabla ya kuitupa, asije mtu akaiokota na kuichomeka.